Mkasi na Stempu

Kwetu sisi tuliokulia Magole, tukiwa na ndugu walioajiriwa katika mashamba ya mkonge ya upande wa Kimamba, neno "daraja" halihitaji kufafanuliwa. Singa zikishatoka korona, zikaanikwa na kupigwa brashi, hupangwa kwa urefu, rangi na usafi. Singa za daraja la kwanza sharti ziwe na urefu wa futi 3 au zaidi. Singa ikikatwa ncha ikawa fupi hushushwa, hata iwe nyeupe namna gani, na mpangaji hasikilizi hoja kwamba ncha ile ilikuwa na doa na imeondolewa ili singa ipendeze.

Kanuni hiyo hiyo inatawala mahali ambapo wengi hawaitazamii, yaani katika biashara ya stempu za kale. Huko nako wapo wapangaji wa daraja, nao humshika mkasi kwa jicho kali kuliko wanavyoushika uchakavu. Nimependa kueleza kwa nini, maana jambo lenyewe linagusa historia yetu kuliko linavyogusa mifuko ya wakusanyaji.

Stempu ya kwanza duniani ilitolewa Uingereza mwaka 1840. Karatasi moja kubwa ilibeba stempu 240, zisizo na vitundu wala meno, na ilibidi zitenganishwe kwa mkasi. Mwenye haraka aliupitisha mkasi juu ya picha. Mwangalifu aliacha ukingo mweupe pande zote nne. Leo stempu hiyo ikiwa na kingo zote nne huuzwa kwa bei kubwa kuliko mwenzake aliyekatwa hadi kwenye picha. Mwaka 1854 Uingereza ikaanza kutoa stempu zilizotobolewa vitundu, lakini mashine nayo ina makosa yake. Karatasi ikikaa upande kidogo, mstari wa vitundu huangukia penye picha. Hata zile stempu za kichwa cha twiga zilizotolewa Tanganyika kuanzia 1922 zimo ambazo twiga amesogea upande mmoja.

Basi ziko aina mbili za mkato. Upo mkato wa asili, uliofanywa kiwandani au kwenye kaunta ya posta siku stempu ilipoanza kazi. Na upo mkato wa baadaye, uliofanywa na mtu aliyetaka kitu chake kionekane bora kuliko kilivyo. Kwa macho ya haraka wa kwanza ni mbaya na wa pili ni mzuri. Mpangaji wa daraja huona kinyume chake. Stempu iliyokatwa upande kiwandani hupunguziwa thamani, lakini hubaki kuwa halali. Pengine kosa likiwa kubwa na la ajabu, wapo wanaolitafuta kwa bei ya juu. Iliyopunguzwa na mkono wa baadaye huhesabiwa kuwa imeharibiwa.

Hila zenyewe ni nyingi. Kuna wanaochukua stempu yenye meno na ukingo mpana, wakayakata meno yote, wakaiuza kama stempu adimu iliyokosa vitundu. Ndiyo sababu mkaguzi hupenda kuona stempu mbili zilizoshikana, kwa kuwa katikati yake mkasi hauwezi kudanganya. Kuna wanaotoboa vitundu vipya kwenye upande uliokuwa mnyoofu. Stempu za bei kubwa za Kenya na Uganda za miaka ya 1920, ambazo zilibandikwa kwenye hati za serikali na kutiwa wino wa kalamu, zimekuwa zikisafishwa wino huo na kupigwa mhuri wa posta wa bandia. Mkaguzi hupima upana, huhesabu vitundu katika kila sentimita 2, kisha hutazama ukingo kwa kioo cha kukuzia. Ukingo wa kale umelegea na kubadilika rangi. Ukingo mpya ni mweupe na mkali.

Mfano mashuhuri zaidi, hata hivyo, hautoki kwenye stempu. Marekani, kati ya 1909 na 1911, kampuni ya tumbaku ilitia ndani ya pakiti za sigara kadi ndogo zenye picha za wachezaji wa besiboli. Kadi ya mchezaji mmoja, Honus Wagner, ni adimu mno. Mwaka 1991 moja ya kadi hizo ilinunuliwa mnadani kwa dola 451,000, na kampuni mpya ya kupanga daraja, PSA, ikaipa alama 8 kati ya 10. Pembe zake zilikuwa kali, kingo zimenyooka. Kwa miaka mingi watu walinong'ona kwamba karatasi ya umri ule haiwezi kuwa safi hivyo. Mwaka 2013 mfanyabiashara Bill Mastro, aliyewahi kuimiliki, alikiri mahakamani katika kesi ya udanganyifu wa minada kwamba alikuwa ameikata kingo. Kwa kanuni ya kampuni yenyewe, kadi iliyopunguzwa haistahili kupewa alama yoyote, ilhali ile iliyokatwa vibaya kiwandani hupewa alama pamoja na herufi za kutaja kosa lake. Unadhifu ule uliosifiwa ndio uliokuwa hila yenyewe.

Sasa turudi nyumbani. Posta ya Wajerumani ilianza Dar es Salaam na Bagamoyo mwaka 1890. Reli ya Kati ilifika Kilosa mwaka 1909, na barua zikaja nayo. Waingereza waliitwaa Kilosa Agosti 1916, na tangu 1935 tukatumia stempu za pamoja na Kenya na Uganda. Mkonge ulipopanda bei, mashamba yalihitaji watu, na mwaka 1944 wenye mashamba walianzisha ofisi ya kuandikisha vibarua iliyojulikana kama SILABU. Ndipo manamba wakaletwa kutoka Songea, Njombe, Kigoma na hata nje ya mipaka yetu.

Marehemu mjomba wangu alikuwa karani katika shamba mojawapo. Wengi wa manamba hawakujua kusoma, hivyo barua zao zilifika mikononi mwake, akawasomea. Mwenye barua aliondoka na barua. Bahasha aghalabu aliiacha mezani. Mjomba hakuzitupa. Alipofariki, katika miaka ya 1980, boksi lake lilikuwa limejaa. Akaja mnunuzi mmoja kutoka mjini, akawaambia binamu zangu kwamba anataka stempu tu, na kwamba zikatwe vizuri, mraba, zisiwe na takataka za karatasi pembeni. Walikaa kibarazani mchana mzima na mkasi. Jioni yule bwana aliondoka na stempu katika bahasha moja ndogo, na takataka zikaenda jikoni kuwashia moto.

Takataka zenyewe zilikuwa nini? Zilikuwa nusu ya mhuri wa posta ya mbali, uliotaja mji na tarehe. Zilikuwa jina la mtu, na namba yake, na mwandiko wa mwalimu wa kijiji aliyeandika kwa niaba ya mke au mama. Stempu yenyewe ilichapwa kwa mamilioni. Nyingine kama ile ipo London, ipo Nairobi. Lakini bahasha ile iliyosafiri kutoka kijiji fulani hadi kwa manamba fulani wa Kilosa ilikuwa moja tu duniani.

Siwalaumu binamu zangu, maana walihitaji fedha na hakuna aliyewaambia. Ninachosema ni kwamba mkasi wa yule mnunuzi na mkasi wa mwenye kadi ni ndugu. Wote wawili waliondoa kilichoonekana kuwa uchafu, na uchafu huo ndio uliokuwa ushahidi. Kitu cha kale hutuambia kilikotoka kwa pembe zake zilizochakaa na kwa mkato wa upande wa mashine iliyochoka. Hata kovu huwa na habari yake. Mkusanyaji akidanganywa hupoteza fedha, naye anaweza kuzitafuta tena. Wilaya ikikatwa kingo zake hupoteza majina ya watu wake, na majina hayo hayana mnada wa kuyanunulia.

Kwa hiyo, msomaji, ukifungua sanduku la mzee ukakuta karatasi chafu, zenye mikunjo na kutu ya pini, usiwe na haraka ya kuzipendezesha. Ziweke pakavu, mbali na mchwa, na uziache na kingo zake zote.