Upakaji wa akriliki ya kuzuia maji kwenye zege lenye unyevu

Ni kazi ya kufunika zege kwa rangi nzito ya akriliki, mchanganyiko wa maji na chembe ndogo za plastiki. Maji yakikauka, chembe hushikana na kuwa ngozi inayonyumbulika. Kwa hiyo akriliki nyingi huvumilia zege lenye unyevunyevu kidogo, ila si lenye maji yaliyotuama.

Pearland, mji wa kusini mwa Houston, Texas, ni mtihani mgumu kwa kazi hii. Hewa ya Ghuba ya Meksiko ni nzito kwa mvuke. Nyumba nyingi zimejengwa juu ya bamba la zege, nalo limelala juu ya mfinyanzi unaovimba ukilowa na kusinyaa ukikauka. Agosti 2017, kimbunga Harvey kilimwaga zaidi ya milimita 1,000 za mvua katika sehemu nyingi za eneo la Houston.

Lakini adui mkubwa wa rangi hii hutoka chini. Unyevu ukipanda kutoka ardhini husukuma rangi hadi itoe malengelenge, kisha unga mweupe wa chumvi hujitokeza pembeni.

Kipimo cha unyevu huo ni rahisi: karatasi ya nailoni ya takriban sentimita 45 kwa 45 hubandikwa kwa utepe pande zote na kuachwa saa 16 au zaidi. Matone yakionekana chini yake, au zege likiwa na rangi iliyokolea, fundi asipake bado. Zege jipya husubiriwa kwa kawaida siku 28, na rangi hupakwa matabaka mawili membamba; tabaka moja nene hukauka juu tu.