Njia Kuu na Njia ya Miguu: Historia ya Kazi ya Umma Katika Njia za Vijiji Vyetu

Tangu Azimio la Arusha la 1967 tumezoea kuzungumza juu ya njia kuu za uchumi. Katika madarasa ya siasa tumezihesabu kwa vidole: ardhi, maji, usafirishaji, mabenki, na nyinginezo. Tulikuwa na haki ya kuanza na zile kuu, kwa sababu beberu hajengi ngome yake kichochoroni. Hata hivyo mkulima wa nchi hii, kabla hajaifikia hata moja ya njia hizo, hupita kwanza njia nyingine: ile ya miguu, itokayo mlangoni pake kwenda kisimani, shambani, kwenye mashine ya kusaga, shuleni, zahanati na kwenye ghala la ushirika. Juu ya njia hii hatukuandika sana. Labda ni kwa sababu haina lami, haina jiwe la msingi, wala haijapata kuzinduliwa na kiongozi yeyote.

Katika makala haya tunakusudia kuichambua historia ya njia hiyo kwa maswali mawili. Ni nani aliyeifyeka? Na ni nani aliyeamua ipite wapi? Mkoloni aliyatenganisha maswali haya kwa makusudi: la kwanza akalijibu kwa mgongo wa Mwafrika, la pili katika ofisi ya Bwana Shauri. Tutaonyesha kwamba hata baada ya Uhuru sisi wenyewe tuliyatenganisha mara kwa mara, wakati mwingine kwa nia njema kabisa. Msimamo wetu ni kwamba kazi ya pamoja ni kazi ya watu huru pale tu ambapo mwenye kushika jembe ameshika na neno pia.

Hongo na Msaragambo

Wapo wenzetu wanaopenda kuichora Afrika ya zamani kama kwamba haikuwa na mkubwa wala mdogo. Historia haikubali. Njia ya misafara iliyotoka Bagamoyo kupitia Tabora hadi Ujiji, katika karne ya 19, ilikuwa njia nyembamba ya kupita watu mmoja mmoja, nayo ilibeba biashara kubwa kati ya pwani na Ziwa Tanganyika. Wapagazi, wengi wao Wanyamwezi, walitembea humo na mizigo ya kiasi cha frasila mbili, yaani zaidi ya kilo 30, vichwani na mabegani. Watawala ambao njia ilikatiza nchi zao walidai hongo. Hongo hiyo ilikuwa malipo ya kupita, ya maji na ya usalama, lakini ni dhahiri kwamba vitambaa na shanga zilizolipwa hazikugawiwa sawasawa kwa kaya zilizofyeka majani. Tayari hapo palikuwa na mwenye kulima njia na mwenye kula njia.

Pembeni mwa njia hiyo ya biashara zilikuwako njia nyingine nyingi mno, zilizotunzwa kwa utaratibu tofauti. Katika milima ya Upare utaratibu wa kazi ya pamoja uliitwa msaragambo, na jina hilo lingali hai. Mbiu hupigwa, kila nyumba hutoa mtu na zana yake, na kazi hufanywa asubuhi moja: kufyeka njia, kuzibua mfereji, kulaza magogo penye kijito. Asiyefika bila udhuru hutozwa. Msaragambo nao haukuwa pepo ya usawa, maana mtawala wa jadi aliweza kuuita kwa faida yake pia. Ila katika kazi ya njia, mtu aliyefyeka ndiye aliyepita jioni ile ile na mzigo wa kuni, na kama njia imekaa vibaya, yeye ndiye aliyeteleza. Haikuhitajiwa karani wa kuandika taarifa ya utekelezaji.

Methali yetu husema mbiu ya mgambo ikilia ina jambo. Katika enzi ya ukoloni watu walianza kulijua jambo lenyewe kabla mbiu haijalia.

Barabara ya Mkoloni

Wajerumani walikuta nchi ya njia zilizopinda. Njia ya miguu hupinda kwa sababu zake: hapa ulianguka mti, pale pana tope la masika, kule pana makaburi. Dola ya kikoloni ilitaka mstari ulionyooka, wa kupitisha askari, mizigo, na baadaye magari. Kodi ya nyumba iliyoanza kutozwa 1898 ilitoa kisingizio, kwa kuwa asiye na fedha alidaiwa kazi. Ndugu zetu wa Umatumbi, waliong'oa pamba mwezi Julai 1905 na kuanzisha Vita vya Maji Maji, hawakuwa maadui wa jembe. Walikuwa wakulima. Walilopinga ni jembe la amri: mashamba ya pamba, kazi za barabara, na kiboko juu yake.

Katika vita ya 1914 hadi 1918 mabeberu wa pande zote mbili waliigeuza migongo ya watu kuwa barabara zinazotembea. Mamia ya maelfu ya Waafrika walichukuliwa kubeba mizigo ya majeshi, na makumi ya maelfu walikufa kwa njaa, maradhi na uchovu. Jina la Kariakoo, pale Dar es Salaam, limetokana na vikosi hivyo vya wapagazi.

Waingereza walikuja na werevu zaidi. Sheria ya 1926, wakati wa Gavana Donald Cameron, iliwapa machifu madaraka ya kutoa amri kwa watu wao, zikiwamo amri za kazi. Mkoloni hakuhitaji tena kushika kiboko mwenyewe. Alimkabidhi chifu, kisha akakiita kiboko hicho mila.

Mwaka 1930 Shirika la Kazi Duniani, ILO, lilipitisha Mkataba Na. 29 dhidi ya kazi za kulazimishwa, na Uingereza ikauridhia 1931. Hapa tunamwomba ndugu msomaji asimame kidogo, maana jambo hili ni kubwa na husahauliwa. Mkataba huo haukuzihesabu kuwa kazi za kulazimishwa zile huduma ndogo ndogo ambazo wanajamii huzifanya kwa faida yao wenyewe. Kutunza njia ya kijiji ni mfano ulio wazi. Lakini uliweka sharti: wanajamii hao, au wawakilishi wao wa moja kwa moja, wawe na haki ya kuulizwa kama kazi hiyo inahitajika. Wanasheria wa Geneva, ambao hakuna atakayewadhania kuwa wajamaa, waliona kwamba tofauti kati ya msaragambo na utumwa iko katika kuulizwa. Katika Tanganyika sharti hilo lilikuwa rahisi kulikwepa. Aliyehesabiwa kusema kwa niaba ya watu alikuwa chifu, na chifu aliwajibika kwa Bwana Shauri.

Upare yenyewe inatupa mfano wa hila hiyo. Mwaka 1945 maelfu ya wananchi waliteremka milimani hadi Same kupinga kodi mpya ya viwango iliyopewa jina la mbiru. Jina lilikuwa la zamani, la ushuru ambao mababu waliutoa kwa mtawala wa jadi. Kitu chenyewe kilikuwa kipya. Profesa Isaria Kimambo aliyaeleza mapambano hayo katika kitabu alichokitoa 1971, na kila mwanachama anayetaka kuelewa jinsi unyonyaji unavyovaa kanzu ya mwenyeji angefanya vema kukisoma. Yaliyoipata mbiru yaliipata kazi ya pamoja pia katika sehemu nyingi za nchi: jina likabaki, kuulizwa kukaondoka.

Neno juu ya baiskeli, kwa kuwa kama si baiskeli njia zetu zingekuwa na sura nyingine leo. Katika Usukuma fedha ya pamba, hasa miaka ya 1950 ambapo vyama vya ushirika vilipata nguvu, iliingiza baiskeli katika nyumba nyingi. Baiskeli ilibeba gunia, ndoo za maziwa, mgonjwa na bibi harusi. Gurudumu haliwezi kuruka mzizi kama mguu unavyoruka. Kwa hiyo mpanda baiskeli alilazimika kuwa mtunzaji wa njia: alishuka, akaondoa jiwe, akakata tawi, akaendelea. Njia nyembamba zikapata mfuo mgumu katikati, unaong'aa kiangazi. Hayo yalifanyika bila amri ya mtu. Wengi wetu tunakikumbuka kile kibati cha leseni ya baiskeli kilichotolewa na halmashauri miaka mingi baadaye. Baiskeli ilitozwa, lakini hatukumbuki kuona jembe moja lililonunuliwa kwa fedha hiyo likipelekwa kwenye njia ya baiskeli.

Uhuru, Vijiji na Makosa Yetu

Baada ya Uhuru wa 1961 umma ulijitokeza kwa wingi katika kazi za kujitegemea. Mafanikio yake yanajulikana na hatuna haja ya kuyarudia.

Makosa ndiyo yanayohitaji kuchambuliwa. Mwongozo wa TANU wa 1971 ulifundisha kwamba tendo linalompunguzia mwananchi sauti katika mambo yake mwenyewe si maendeleo, hata kama linamletea nafuu fulani. Mwaka uliofuata, chini ya mpango wa Madaraka Mikoani, halmashauri za wilaya zilivunjwa. Nia ilikuwa kupeleka madaraka karibu na wananchi. Yaliyofika wilayani kwa kweli yalikuwa madaraka ya watumishi wa Serikali. Halmashauri zilirudishwa kwa sheria za 1982, na wilayani zikaanza kazi tena 1984. Katika miaka hiyo kumi na miwili njia ya kijiji haikuwa na baraza la kuisemea wilayani.

Ndani ya kipindi hicho hicho, kati ya 1973 na 1976, mamilioni ya watu walihamia vijijini. Vijiji vingi vilipangwa kando ya barabara, ili huduma zifike. Shule zilifika, visima vilifika, na hilo hatulikani. Lakini shamba halikuhama na mwenyewe. Mkulima aliyezoea kutoka mlangoni na kuanza kupalilia alijikuta akitembea mwendo mrefu kwenda na kurudi. Njia mpya zikazaliwa kwa nguvu ya miguu, zikikatiza mabonde na mashamba ya watu wengine, wala hazikuwamo katika mchoro wa kijiji. Mchoro ulionyesha barabara na viwanja. Kitu ambacho mwanamke alikikanyaga mara nne kwa siku hakikuchorwa. Tunasema mwanamke kwa sababu ndiye hasa aliyebeba: maji, kuni, mavuno, na mtoto mgongoni.

Ukweli huu ulithibitishwa Makete, wilaya ya milima ambayo wakati huo ilikuwa mkoa wa Iringa na sasa iko Njombe. Mradi wa usafiri ulioanza huko 1985 kwa ushirikiano wa Serikali na ILO ulichunguza kwanza kaya zenyewe: nani anakwenda wapi, na amebeba nini. Ilionekana kwamba sehemu kubwa ya safari za wananchi haikuwa ya kwenda mjini kwa gari. Ilikuwa ya ndani ya kijiji, kwa miguu, kichwani, na mzigo mkubwa zaidi ulikuwa wa wanawake. Kwa hiyo, pamoja na barabara, mradi ukaingia katika njia za miguu, vivuko vya mito, punda, na mashine za kusaga zilizo karibu na watu. Wanavijiji walitoa kazi yao, mradi ukatoa zana na utaalamu. Mtu aliyezoea kuhesabu maendeleo kwa kilomita za lami anaweza kudharau daraja la miti linalopitisha mtu mmoja. Mama aliyewahi kuvuka mto wa masika na debe kichwani hatalidharau.

Tusiifanye Makete kuwa hadithi tamu kupita kiasi. Mradi ulikuwa na fedha za nje, nao ulikwisha 1996. Kilichobaki cha kujifunza ni mpangilio wa maswali: kuulizwa kulitangulia, jembe likafuata.

Hali ya Sasa

Tangu 2017 tunaye wakala wa barabara za vijijini na mijini, TARURA, na barabara nyingi zimenufaika. Lakini njia ya kisimani si barabara kwa maana hiyo. Haipimwi, haina kasma. Utunzaji wake umeachiwa wananchi, na wananchi huitwa kwa jina lile lile la nguvu za umma ambalo limekwisha kutumiwa na kila utawala. Tumewahi kuhudhuria mikutano ambamo siku ya kazi ilitangazwa, faini ilitangazwa, na hakuna aliyeuliza njia ipi ianze. Vijana walichelewa kufika, na wazee wakawaita wavivu. Sisi tulijiuliza kama uvivu ulikuwa wao au ulikuwa wa mwenyekiti, ambaye hakutaka usumbufu wa mjadala.

Mijini suala ni hilo hilo kwa sura nyingine. Mabasi ya mwendokasi ya Dar es Salaam yalipoanza 2016, Barabara ya Morogoro ilikwisha kupata njia za baiskeli kandokando yake, za saruji, nzuri. Njia hizo hazina msaragambo. Pikipiki hupita humo, magari huegeshwa humo, na mpanda baiskeli mwenye kreti la mikate hurudi barabarani kushindana na malori.

Hatari kubwa zaidi iko katika ardhi. Mashamba yananunuliwa, na mnunuzi hujenga ua. Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya 1999 inaikabidhi Halmashauri ya Kijiji usimamizi wa ardhi, na Mkutano Mkuu wa Kijiji ndio unaoidhinisha mpango wa matumizi yake. Halmashauri hiyo pia inaweza kutunga sheria ndogo na kuzipeleka wilayani zikubaliwe. Kwa hiyo chombo kipo. Tunapendekeza kwamba kila kijiji, kabla ya kuita siku ya kazi, kiitembee ardhi yake na wanawake wakiwa mbele, kwa kuwa ndio wanaozijua njia zote, na kila njia iandikwe kwa jina lake, upana wake na mahali inapoishia. Kazi hiyo ifanywe kiangazi hiki, kabla ya misimu ya mauzo. Ua ukisha kusimama, na njia haimo katika ramani, Mkutano Mkuu utakuwa na mashahidi wengi na karatasi hata moja haitakuwapo.