Nafasi ya Baiti 8

Kabla ya mwaka 2012, Python, lugha ya kuandikia programu, ilihifadhi maandishi kwa njia moja kati ya mbili, kutegemea ilivyojengwa: kila herufi ilipewa baiti 2, au kila herufi baiti 4. Kwa njia ya pili, neno Mombasa, lenye herufi 7 tu, lilikula baiti 28. Kwa ile ya kwanza nafasi iliokolewa, ila emoji moja ikahesabiwa herufi mbili.

Martin von Löwis, mmoja wa watengenezaji wa Python, alipendekeza kila neno lijipimie lenyewe: baiti 1 kwa kila herufi, herufi zikiwa za kawaida, 2 au 4 pale tu inapolazimu. Pendekezo likaingia katika toleo la 3.3, Septemba 2012. Kiswahili chetu, kisicho na alama juu ya herufi, kilinufaika moja kwa moja. Mombasa ikashuka hadi baiti 7.

Kazi ngumu ilikuwa kwa watu wa nje. Moduli nyingi za Python zimeandikwa kwa lugha ya C, na nyingine hazikuwa na desturi ya kuomba herufi kwa adabu. Zilichukua anwani ya kumbukumbu, zikaenda kujisomea zenyewe. Kubadili mpangilio ghafla kungezivunja zote.

Basi njia ya zamani ikaachwa wazi. Moduli ikiuliza kwa mtindo wa kale, Python ilitengeneza nakala ya mtindo huo na kuiweka kando ya neno mpaka neno lenyewe lifutwe. Anwani ya nakala hiyo ilitengewa nafasi ya baiti 8 ndani ya kila neno kwenye kompyuta za biti 64, hata kama hakuna aliyeiuliza. Nafasi tupu ikawa kubwa kuliko Mombasa yenyewe!

Ilani ya kuiacha njia hiyo ilikuwepo kwenye nyaraka tangu 2012, na nyaraka, tunajua, husomwa mambo yakishaharibika. Mwaka 2020 Inada Naoki, naye mtengenezaji wa Python, aliandika mpango wenye meno: maonyo yatokee wakati wa kujenga moduli na wakati wa kuiendesha, kisha nafasi ile iondolewe katika toleo la 3.12. Toleo hilo lilitoka Oktoba 2023.

Miaka 11 ni mingi, lakini sioni kama ilipotea bure. Python 3 ilipoachana na Python 2 kwa mkupuo mwaka 2008, mkupuo huo haukufupisha safari: Python 2 iliendelea kuhudumiwa mpaka 2020.