Fahamu: Mke akimrudishia mume anayempiga, sheria inasemaje?

Mume anapiga kwa miaka. Siku moja mke anashika mchi, anarudisha. Mume akifa, hayo si ya kumalizwa na wazee wa ukoo. Kuanzia Tabora mjini hadi Urambo na Kaliua, kwenye njia ya zamani ya misafara kwenda Ujiji, kesi ya namna hiyo husikilizwa na Mahakama Kuu.

Mume anaruhusiwa kumpiga mke?
Hapana, hata kama alitoa mahari ya ng'ombe 20. Kifungu cha 66 cha Sheria ya Ndoa ya 1971 kinakataza mwanandoa yeyote kumchapa mwenzake. Mke naye yumo.

Kujilinda je?
Kanuni ya Adhabu inaruhusu, ila nguvu ilingane na hatari. Kuzuia panga lisikupate ni kujilinda. Kumfuata akiwa amelala ni habari nyingine.

Na hasira?
Kifungu cha 201 kinasema aliyeua kwa hasira baada ya kuchokozwa ghafla, kabla hajapoa, ana kosa la kuua bila kukusudia. Adhabu yake ni hadi kifungo cha maisha, na jaji anaweza kutoa pungufu. Novemba 2017, msanii Elizabeth Michael 'Lulu' alipewa miaka 2 kwa kosa hilo, kufuatia kifo cha Steven Kanumba mwaka 2012. Alijitetea kuwa yeye ndiye aliyekuwa akipigwa.

Kuua kwa kukusudia, adhabu ni moja tu: kunyongwa.

Tatizo liko wapi?
Kwenye neno 'ghafla'. Aliyepigwa miaka kumi mara nyingi hajibu papo hapo, maana mume ana nguvu kumzidi. Anasubiri. Mahakamani, kule kusubiri kunaweza kuonekana kama alipanga.

Ufanye nini mapema?
Ripoti kila kipigo Dawati la Jinsia na Watoto la polisi, chukua PF3, nenda hospitali. Kituo kikiwa mbali, anza na mtendaji wa kijiji na omba aandike. Ukitaka talaka, pitia kwanza Baraza la Usuluhishi la Ndoa. Ukatili ni sababu inayotambuliwa na sheria.

Karatasi hizo zinaweza kukutoa kwenye ndoa kabla hamjafikia kuuana. Na yakishatokea, ndizo zitakazoonyesha kwamba kipigo hakikuanza siku ile.