Neno 'zinaa' na mzigo wanaobebeshwa wanawake

MAJUZI nilikuwa kwenye benchi la zahanati moja mjini Machakos nikimsubiri jamaa yangu. Ukutani palibandikwa bango: 'Magonjwa ya zinaa yanatibika. Pimwa leo.' Mama mmoja mjamzito alilisoma, kisha akanigeukia. "Mzee, mimi niko na bwana mmoja tu. Wakinipata na hiyo kitu, nitaenda kusema nimezini na nani?"

Mimi niliyefundisha Kiswahili kwa zaidi ya miaka 30 nilikosa jibu.

Zinaa, neno lenye asili ya Kiarabu, ni ngono iliyoharamishwa. Kwa hivyo tunaposema 'ugonjwa wa zinaa' tunataja maradhi na papo hapo tunatoa hukumu. Mtoto akizaliwa na kaswende aliyoipata tumboni, naye tuseme ana ugonjwa wa zinaa? Kosa lake ni lipi?

Kiswahili hakiko peke yake. Wakoloni waliokifanya Machakos kituo chao mwaka wa 1889, kabla ya makao makuu kuhamia Nairobi mwaka wa 1899, walikuwa na istilahi iliyotokana na jina la Venus, mungu wa kike wa mapenzi wa Warumi. Tangu jina lenyewe, ugonjwa ulikuwa na sura ya mwanamke.

Matokeo yake yalionekana kwa majirani zetu. Mwaka wa 1908, Kanali Lambkin, daktari wa jeshi la Uingereza, alitangaza kwamba kaswende ilikuwa imeenea mno Buganda. Miongoni mwa sababu alizotaja ni uhuru ambao wanawake walikuwa wameupata baada ya mila za kale kulegea. Hospitali ya Mulago yenyewe ilianza mwaka wa 1913 ikishughulikia maradhi haya. Baadaye wanahistoria walitilia shaka madai hayo. Huenda wengi wa waliohesabiwa walikuwa na buba, ambayo huambukizwa kwa kugusana ngozi, hasa baina ya watoto. Vijidudu vya buba na kaswende ni ndugu, na kipimo cha damu cha Wassermann, kilichobuniwa mwaka wa 1906, hakiwezi kuvitenganisha. Ajabu ni kwamba Kiswahili kilikuwa na majina mawili tofauti pale ambapo maabara iliona kitu kimoja!

Tuje kwetu na wakati wetu. Utafiti wa kitaifa wa mwaka wa 2003 ulipata virusi vya Ukimwi kwa asilimia 8.7 ya wanawake na asilimia 4.6 ya wanaume. Mwaka wa 2018, viwango vilikuwa asilimia 6.6 na 3.1. Vimeshuka, ndiyo, lakini pengo liko pale pale: kiwango cha wanawake ni takriban mara mbili ya kile cha wanaume. Je, wanawake wa Kenya wanazini mara mbili kuliko wanaume? Hasha. Maumbile yao huwaweka katika hatari zaidi, wasichana wengi wana wenzi waliowazidi umri, na mke hana uwezo mkubwa wa kumwambia mumewe avae kondomu.

Isitoshe, klamidia na kisonono mara nyingi hukaa kwa mwanamke bila dalili yoyote, huku zikiharibu mirija ya uzazi. Ndiyo maana wataalamu wa Kiingereza waliacha kusema 'ugonjwa' wakaanza kusema 'maambukizi'. Sisi bado tumeng'ang'ania zinaa.

Ilhali uwezo tunao. Tazama neno Ukimwi: upungufu wa kinga mwilini. Linaeleza kinachotokea mwilini bila kumshtaki mtu. Unyanyapaa ulikuja, lakini haukuletwa na jina. Basi kwa nini tusiseme 'maambukizi ya ngono'? Neno ngono lipo, linaeleweka, na halimuulizi mtu cheti cha ndoa.

Najua kuna watakaosema kwamba neno haliponyi mtu. Kweli. Kaswende ya mjamzito huponywa kwa sindano ya penisilini, na mtoto akaokoka. Lakini sindano hiyo iko ndani, na bango liko mlangoni. Yule mama alipoitwa aliinuka, akalitazama bango tena, akasema anaenda kwanza kumpigia bwanake simu. Jamaa yangu alipomaliza kuhudumiwa, mama huyo alikuwa bado hajarudi.