Sonona, Sindano na Nafuu

Mwaka 1817 daktari wa London, James Parkinson, alichapisha kitabu kidogo kuhusu ugonjwa aliouita kupooza kwa kutetemeka. Aliamini kwamba akili ya mgonjwa hubaki salama. Baadaye Mfaransa Jean-Martin Charcot alipendekeza ugonjwa uitwe kwa jina la Parkinson, kwani si kila mgonjwa hutetemeka. Wengi wetu tungali tunasema ugonjwa wa kutetemeka, na jina hilo hutufanya tutazame mkono tukausahau moyo. Kumbe wagonjwa wengi hupata sonona, na wengine huipata kabla mkono haujaanza kutikisika.

Neno sonona nalipenda. Mtu husononeka kwa jambo: amefiwa au amedhulumiwa. Sonona ya hospitalini, yaani ugonjwa wa huzuni nzito, haihitaji jambo. Kwa mwenye Parkinson, seli za ubongo zinazotengeneza kemikali iitwayo dopamini hufa, na kemikali nyingine zinazoongoza hisia huvurugika. Ukiiita msongo wa mawazo, mgonjwa ataambiwa apunguze mawazo, kana kwamba aliyataka mwenyewe.

Baadhi ya wagonjwa hutafuta msaada kwenye akyupancha, tiba ya jadi ya Wachina. Wengine huiita tiba ya sindano, na hapo ndipo tunapopotezana. Kwetu kuchomwa sindano ni kutiwa dawa. Sindano ya akyupancha ni nyembamba mno, haina tundu wala dawa. Afadhali tuseme akyupancha, mgonjwa ajue anachokwenda kufanyiwa.

Je, inaondoa sonona? Ushahidi uliopo bado ni dhaifu, na kuupata ulio imara si rahisi. Mwaka 2001 watafiti nchini Kanada walionyesha kuwa wagonjwa wa Parkinson waliotarajia dawa wakachomwa maji ya chumvi tu, ubongo wao ulitoa dopamini. Tumaini peke yake lilifanya kazi mwilini, na ni vigumu kulitenganisha na kazi ya akyupancha. Kwa hiyo neno la haki hapa ni nafuu. Kiswahili hakichanganyi kupata nafuu na kupona, na mganga mwaminifu naye asivichanganye.

Ewe unayemuuguza mwenye Parkinson, usiulize habari za mkono pekee. Muulize kama analala, kama anakula kwa hamu, kama kuna kitu bado kinamfurahisha. Ukiona dalili, mtajie daktari sonona kwa jina lake, maana ina dawa na ina ushauri nasaha. Akitaka akyupancha, aende kwa mtaalamu aliyesajiliwa, wala asiache vidonge vyake.