Kutoka Taarifa hadi Ushuru: Historia ya Neno Tariff na Tafsiri Yake

Neno la Kiingereza tariff halikosekani katika mijadala ya biashara ya kikanda, na wafasiri wa Kiswahili huliandika karibu kila mara kuwa ushuru. Historia ya neno lenyewe inaonyesha kwamba tafsiri hiyo hubeba nusu tu ya maana.

Simulizi moja maarufu hulihusisha neno hili na Tarifa, mji wa bandari ulio kusini kabisa mwa Hispania bara, ambako inadaiwa meli zilitozwa malipo zilipopita. Ni simulizi tamu, lakini haisimami. Jina la mji hunasibishwa na Tarif, kamanda aliyevuka kutoka Afrika Kaskazini mwaka 710, na mzizi wake wa Kiarabu huanza kwa t nzito, ط. Tariff limetokana na ta'rif, yaani kujulisha, ambalo mzizi wake ni ع, ر na ف. T ya mwanzo, tena nyepesi, ni kiambishi tu. Msemaji wa Kiswahili anao ushahidi kinywani mwake: arifu, maarifa na taarifa zimetoka katika mzizi huohuo.

Neno liliingia Ulaya kupitia biashara ya Bahari ya Kati. Mwongozo mmoja wa wafanyabiashara wa Venice, wa karne ya 14, unaitwa Tarifa, na kichwa chake chenyewe kinafafanua kuwa hiyo ni habari ya mizani na vipimo vya nchi mbalimbali. Kiingereza kililipokea mwishoni mwa karne ya 16, likimaanisha jedwali la hesabu na orodha ya ushuru. Baadaye malipo yenyewe yakachukua jina la orodha.

Ushuru lina asili nyingine: 'ushr, sehemu ya kumi. Hutaja kinachotozwa, si waraka unaotangaza viwango. Katika Umoja wa Forodha wa Afrika Mashariki, ulioanza kutekelezwa mwaka 2005, tariff ya pamoja ni jedwali refu la bidhaa na viwango vyake, hivyo "viwango vya ushuru" ingekuwa tafsiri sahihi zaidi. Kwenye umeme kosa ni kubwa zaidi, kwa kuwa tariff huko ni bei zilizoidhinishwa. Waraka unaotaja "ushuru wa umeme" humfanya mteja adhani ametwishwa kodi mpya, ilhali "viwango vya bei" vingemweleza jambo lilivyo.